Fisi Tuliyemwita Shangazi

Siku ile ya Bunda naikumbuka kwa watu wake kwanza, jua na vumbi baadaye. Alikuwepo mdogo wangu Magesa, bado na sauti ya kitoto, kifua wazi, amejipaka majivu. Alikuwepo kitinda mimba wetu, Nyamisi, amekaa juu ya gunia la pamba la mtu asiyemjua, anatafuna muwa. Alikuwepo Sospeter wa Bweri na ngoma yake. Alikuwepo baba yetu mdogo, Manyama, aliyekuja kupima pamba yake na hakujua kabisa kwamba angetukuta pale. Alikuwepo mwenye bucha, mtu mnene wa maneno mengi, shoka lake limekaa kwenye gogo. Nilikuwepo mimi, Nyangeta, nimeshika kamba. Na mwisho wa kamba alikuwepo fisi.

Nimewataja wote, mwanangu, kila mtu na nafasi yake, kwa sababu kwa miaka mingi nimeisimulia habari hii nikiwa nimempa mtu mmoja nafasi isiyokuwa yake.

Juzi ulikuja kunionyesha picha kwenye simu. Vijana wana chatu ndani ya gunia, wanazunguka naye stendi hadi stendi, wanamvisha mtoto wa watu shingoni na wengine wanapiga makofi. Ukaniambia, "Bibi, ona, hata hamng'ati!" Ulikuwa unacheka. Mimi nikakuuliza kama umekula. Sikuwa na neno lingine la kusema bila kusema yote. Basi nimekaa niandike. Shule niliiachia darasa la nne, kwa hiyo utanivumilia nikizunguka kidogo.

Baba yetu alikufa kwa homa. Mama hakukaa sana baada yake. Ilikuwa miaka ile ya mwanzo ya vijiji vya ujamaa, watu wanahamishwa kutoka kwenye miji yao ya zamani kwenda kukaa pamoja kando ya barabara. Sisi tulikuwa upande wa Butiama, na nyumba yetu mpya hata udongo wa kuta ulikuwa haujakauka vizuri wakati tunamtoa mama ndani.

Matanga yalipokwisha, wazee wa ukoo walikaa kutugawa. Magesa aende Musoma kwa mjomba aliyekuwa anavua samaki. Nyamisi aende Bunda kwa dada yake baba. Mimi nilikuwa msichana mkubwa, kwa hiyo mimi nilikuwa na mchumba tayari kabla hata sijaambiwa jina lake. Nikasimama. Kwetu msichana hasimami mbele ya wazee, lakini nilisimama, nikasema tutabaki wote watatu katika nyumba ya mama yetu, nitalima shamba letu, na zamu zangu za shamba la kijiji nitaziingia kama mtu mzima.

Wazee walicheka. Mmoja akasema, "Huyu anataka kuwa baba wa nyumba, na ndevu hana!" Aliyesimama upande wangu ni baba mdogo peke yake. Akasema, "Mwacheni mtoto ajaribu. Akishindwa tutaona." Walikubali kwa shingo upande, wakaweka sharti: siku nyumba ile ikileta aibu au hatari, watoto wanagawanywa siku hiyohiyo. Nilikubali sharti. Tangu siku hiyo nililala na kuamka nalo.

Sasa lazima nikueleze jambo la ukoo wetu, maana nyie wa siku hizi mnalijua nusu nusu. Kila ukoo huku kwetu ulikuwa na mnyama wake wa mwiko. Wengine pundamilia, wengine chui, wengine kiboko. Wetu ni fisi. Mtu wa ukoo wetu hamuui fisi, hampigi, hamcheki, na akikuta mzoga wake njiani anaufunika kwa majani kabla hajapita. Nilipokuwa mdogo nilimwona bibi yangu akivua kanga yake ya mabegani kumfunika fisi aliyegongwa na lori. Akarudi nyumbani mabega wazi, wala hakuona haya.

Mimi katika hayo yote nilichukua nilichokitaka. Niliona kwamba kama sisi hatumdhuru fisi, basi naye hawezi kutudhuru. Hakuna mzee aliyewahi kuniambia hivyo. Nilijiambia mwenyewe.

Magesa ndiye aliyemleta. Alikuwa anachunga mbuzi wa watu karibu na mahame, yaani miji ile ya zamani iliyoachwa watu walipohamia kijijini. Akamkuta mtoto wa fisi kwenye shimo, mweusi kama sufuria, mama yake hayupo. Akaja naye amemfungia ndani ya shati.

"Dada, huyu hana mama," aliniambia.

Angesema neno lingine lolote ningemwambia akamrudishe. Alisema hilo. Tukamnywesha maziwa ya mbuzi kwa kitambaa. Nyamisi ndiye aliyempa jina. Alikuwa amesikia watu wakisema fisi ni ndugu wa ukoo, na ndugu pekee aliyekuwa anamjua mwenye meno makubwa ni dada yake baba wa Bunda, basi akamwita Shangazi. Tulicheka hadi machozi yakatutoka. Nadhani ndiyo mara ya kwanza tulicheka tangu mama afe.

Baba mdogo alipopata habari alikuja asubuhi, hata chai hakunywa. Alisimama mlangoni, hakumkaribia yule mtoto wa fisi, wala hakumwangalia usoni.

"Nyangeta, mrudisheni porini. Leo."

"Baba mdogo, ni mdogo mno. Atakufa."

"Akifa atafia kwao. Huyu anakuaga, mwanangu. Leo ananyonya kitambaa, kesho atavunja mfupa wa paja la ng'ombe. Mtamfungia wapi?"

Nikasema, "Ndiyo, baba." Akaenda zake akiamini. Hakuwa mtu wa kurudia neno, na mimi sikuwa mtu wa kumdanganya, kwa hiyo hakuona sababu ya kurudi kuangalia.

Tulimhamishia mahameni. Palikuwa na boma la mawe lililobaki, zamani lilikuwa la mbuzi, na Magesa aliliziba kwa miiba. Pale alikulia Shangazi. Usiku kijiji kikisikia fisi analia upande wa mahame hakuna aliyeshangaa. Fisi walikuwaga kila mahali siku hizo.

Ulipokuja mwaka wa njaa, unga ukawa wa kupimiwa kwa kikombe, ndipo alipotokea Sospeter. Alikuwa kijana wa Bweri, pale Musoma, mpiga ngoma, anafuata magari ya pamba na kucheza kwenye magulio. Alikuwa na kofia ya nailoni na ulimi mtamu. Alikuja kijijini kwetu kupiga ngoma kwenye sherehe fulani ya kukaribisha viongozi, na Magesa, kwa kujisifu kwa mtoto, akampeleka mahameni kumwonyesha.

Jioni Sospeter alinifuata kwenye kisima.

"Dada yangu, mna mali pale mnailisha mifupa, na nyie wenyewe mnalala njaa?"

"Ile si mali. Ni mnyama wa ukoo."

"Tena ndiyo vizuri! Watu watakuja kuona watoto wa ukoo wa fisi na fisi wao. Mimi nikimshika ataning'ata. Nyie hawezi. Si ndiyo mnavyosema?"

Ndivyo nilivyokuwa nasema. Mtu akikurudishia maneno yako mwenyewe, mwanangu, ni vigumu kumwambia kwamba ni ya uongo.

Tulianzia Musoma. Nakumbuka nilivyomshusha Shangazi kutoka kwenye lori, watu wakikimbia huku na huku, halafu wakirudi mmoja mmoja, halafu wakitubana kwa wingi. Sospeter aliimba: "Njooni muone! Huyu si fisi, ni shangazi yao, amekuja kudai sehemu yake ya mahari!" Mama mmoja wa dagaa akapiga kelele, "Shangazi, mbona hata nywele hujachana!" Watu wakaanguka kwa kicheko. Magesa alishika kipande cha nyama kwa meno yake, akapiga magoti, na Shangazi akakichukua kutoka mdomoni kwake taratibu kama mtu anayepokea komunyo. Wanawake walifunika macho. Halafu wakaomba arudie.

Tulirudi nyumbani na unga, dagaa, sukari, na kipande cha kaniki kwa ajili ya Nyamisi. Tulikula tukashiba, nikawatazama wadogo zangu wamelala na matumbo yamejaa, nikajiambia kwamba mama ananiona na anafurahi.

Sitakuambia tulicheza mara ngapi, kijijini tukisema tunakwenda vibarua. Nitakuambia tulichokuwa tunakifanya ambacho watazamaji hawakukiona. Shangazi aliposhiba hakutaka kucheza, alilala tu na kugeuza kichwa. Basi Sospeter alitufundisha kumwacha na njaa kabla ya gulio, ili afuate nyama. Alikuwa anaogopa ngoma, alikuwa anabana masikio na kukojoa, basi tulikuwa tunampiga kwa fimbo mpaka ajifunze kwamba kusimama mbele ya ngoma kuna uchungu mdogo kuliko kukimbia. Kamba ilimchubua shingo, nikaipaka majivu pale penye kidonda ili watu wasione. Mimi, mjukuu wa yule bibi aliyevua kanga yake. Nilikuwa nampiga mnyama wa mwiko wetu kwa mkono wangu, na jioni nikisali nilikuwa nashukuru kwa chakula. Hadi leo nikikuta mtu ana nyani wa kuchezesha, au chatu aliyelegea hivi kama yule wa kwenye simu yako, siangalii ujanja wake. Namwangalia mnyama shingoni, kinywani, mbavuni. Ukiona mnyama wa porini ametulia katikati ya kelele za watu, jua kwamba kuna kitu alifanyiwa mahali ambapo wewe hukuwepo.

Siku ya Bunda lori lilichelewa. Ulikuwa msimu wa kuuza pamba, magunia yamepangwa hadi barabarani, wakulima wanasubiri mizani, na watu wanaosubiri ni watazamaji wazuri. Shangazi alikuwa hajala tangu juzi yake. Alikuwa amekwisha kuwa mkubwa, mgongo wake unanifika kiunoni. Nilimwambia Sospeter leo tumpe kidogo kwanza.

"Ukimpa sasa hivi atalala, tutaaibika," alisema. "Shika kamba yako, dada."

Nikashika kamba yangu.

Ngoma ililia. Magesa alipiga magoti, nyama kwenye meno. Watu walinyamaza kama kawaida pale. Na mwenye bucha, ambaye alikuwa anaona kutoka kwenye gogo lake, akataka naye awe sehemu ya mchezo. Akapaza sauti, "Mpeni shangazi utumbo, wakwe tupo!" akarusha kipande cha utumbo. Hakuwa na nia mbaya. Utumbo uliangukia begani kwa Magesa ukaning'inia pale.

Shangazi hakumrukia mdogo wangu kwa hasira, mwanangu. Nataka ulielewe hili. Alifuata utumbo. Alikuwa na njaa, akauma chakula, na chini ya chakula kulikuwa na mkono wa mtoto. Akauma kama fisi anavyouma. Nilisikia ule mlio. Magesa hakupiga kelele mara moja, alinitazama tu, kama vile anataka nimweleze kuna nini.

Nilivuta kamba. Kamba ilikuwa shingoni, na nilivyozidi kuvuta ndivyo alivyozidi kukaza. Sospeter aliiacha ngoma yake ikajibingirisha chini, mwenyewe nikamwona mgongo tu kati ya magunia. Watu walikimbia. Nyamisi alibaki juu ya gunia analia na kuita jina langu.

Sikumwona baba mdogo anakuja. Nilimwona amekwisha fika, na shoka la bucha mkononi.

Jaribu kuelewa yule alikuwa mtu gani. Katika ukoo wetu ndiye aliyekuwa anarusha mbegu za kwanza mvua zikianza. Akiwa njiani, akisikia fisi analia alikuwa anasimama mpaka amalize, kama vile unavyosimama mkubwa akiongea. Sijui alifikiria nini kati ya gogo na sisi. Najua hakusita. Alipiga mara moja, akapiga tena, na meno yakaachia. Halafu akaweka shoka chini kwa mikono miwili, polepole, akavua shati lake. Nilidhani ni la kumfunika Shangazi. Akalichana akamfunga Magesa mkono, akambeba, akaniambia, "Mchukue Nyamisi. Twende hospitali." Alimwacha Shangazi pale bila kumtazama. Ila nilimsikia akisema kwa lugha yetu ya nyumbani, maneno ambayo watu huyasema wanapomwaga maji juu ya kaburi.

Magesa alipona. Mkono wa kulia ulibaki umepinda na vidole havikufumba tena. Mwaka uliofuata alijifunza kuandika kwa kushoto, na unajua mwandiko wake ulivyo mzuri.

Alikuwa bado amelala hospitali wazee walipoita kikao. Walikuja wote. Jambo lenyewe lilikuwa kubwa kuliko mkono wa Magesa: mtu wa ukoo ameua fisi, hadharani, mbele ya koo nyingine, kwa shoka la bucha. Lakini hata hilo lilikuwa na njia yake. Mtu aliyeua kwa kumwokoa mtoto, huku hana habari na mchezo ule, angesafishwa. Wangechinja kondoo, wangemnyunyizia maji, angekaa siku zake ndani, yangekwisha. Ila kama ni yeye aliyeruhusu fisi afugwe na achezeshwe, halafu akamuua, huyo alikuwa amechezea mwiko na kuumaliza kwa mkono wake mwenyewe. Huyo hasafishwi.

Basi mzee mkubwa aliuliza swali moja. "Nani aliruhusu yule mnyama akae kwenu?"

Aliniuliza mimi.

Nilimwona shangazi yangu wa Bunda amekaa nyuma, tayari amemshika Nyamisi mkono. Nikakumbuka lile sharti. Nilijua kwamba nikisema "ni mimi, na baba mdogo alinikataza," sitalala na wadogo zangu usiku ule.

Nikasema, "Baba mdogo alijua."

"Alijua, au aliruhusu?"

"Aliruhusu."

Baraza lote likageuka. Baba mdogo alikuwa amekaa kwenye kigoda chake, mikono juu ya magoti. Alinitazama. Hakunitazama kwa hasira, na nimekuwa nikitamani tangu siku hiyo kwamba angekuwa na hasira. Halafu akamtazama Nyamisi. Halafu akasema, "Ndiyo. Niliruhusu. Watoto hawana kosa."

Ikaisha hivyo. Aibu ikahesabiwa ya kwake, si ya nyumba yetu. Sisi tulibaki katika nyumba ya mama.

Unajua jinsi wazee wetu walivyokuwa wanakunywa pombe, chungu kimoja katikati, kila mzee na mrija wake mrefu, wanakaa duara wanazungumza. Mrija wa baba mdogo ulitolewa. Akija kwenye shughuli alikuwa anapewa kibuyu chake, anakaa pembeni karibu na ukuta, anakunywa peke yake. Mbegu za kwanza zikarushwa na mtu mwingine. Watoto wake walikuwa wanaitwa majina ya kejeli na wenzao. Mke wake alikuwa akinikuta kisimani, ananisaidia kujitwika ndoo, kwa sababu mume wake alikuwa hakumwambia chochote.

Mara moja tu tulizungumza. Nilimkuta anatoka kwenye shamba la kijiji, jembe begani. Nikapiga magoti nimwombe msamaha. Akanizuia.

"Inuka, watu wanaona. Wadogo zako wanakula?"

"Wanakula, baba."

"Magesa anakwenda shule?"

"Anakwenda."

"Basi." Akahamisha jembe bega la pili. "Wazee walitukataza kumgusa kwa sababu si wetu, Nyangeta. Wewe ukafikiri ni kwa sababu ni wetu. Haya, nenda, jua linazama."

Ndiyo karipio pekee alilonipa maishani. Mengine yote, sijui, labda aliyasema kwenye kibuyu chake.

Nilijipa ahadi kwamba nitasema ukweli Magesa akimaliza shule. Alimaliza, nikasema ngoja Nyamisi aolewe. Aliolewa, nikasema ngoja nipate namna ya kuanza. Magesa nilikuwa nimemwomba anyamaze, na kwa sababu nilikuwa mama yake na baba yake, alinyamaza. Baba mdogo alikufa wakati wa masika. Wazee walisimama mbali na kaburi, hakuna aliyelitamkia neno la ukoo, lile la kumwaga maji, na mimi nilisimama na watu waliokuwa mbali. Kinywa changu nilikifungua. Nikawasalimu watu, nikawashukuru kwa kuja. Nikakifunga.

Sasa nasaha zangu ni hizi, na uzisome polepole.

Usimtoe mnyama wa porini porini ili watu wacheke. Akiwa mdogo utamhurumia, akiwa mkubwa utamwogopa, na ili usimwogope utamtesa. Hakuna njia nyingine, mimi nimeipita njia hiyo yote. Chatu hana urafiki, ana kushiba na kuchoka. Yule mtoto aliyevishwa shingoni anasalimika kwa bahati ya siku ile, na bahati haina kamba ya kuishika. Siku ikiharibika, mwenye mchezo atakimbia na mtazamaji atakimbia, na atakayeingia katikati ni mtu mwema ambaye hakucheza wala hakutazama. Kwa hiyo usiwe mchezaji. Na usiwe mtazamaji, usitoe hela, usipige picha, usicheke. Yule mwenye bucha alikuwa anacheka tu.

La pili linanihusu zaidi. Nilikuwa na sababu nzuri. Nilikuwa nalisha wadogo zangu, na wadogo zangu wamekuwa watu, na wewe unayesoma haya umetokana na watu hao. Sijutii kwamba tulibaki pamoja. Najuta kwamba nilifanya sababu nzuri iwe ruhusa ya kila kitu, hata ya kumpiga asiyeweza kusema, hata ya kumtwisha mtu mwema mzigo wangu kwa sababu niliona ana mabega mapana. Ukiona umeanza kujiambia "nafanya kwa ajili ya watoto," simama. Angalia ni nani anayelipa.

Mungu wa baba zetu akulinde nyumbani na njiani. Akupe chakula ambacho hukumnyima mwingine ili ukipate. Akupe ndugu wa kukaa nao sahani moja, na akupe ulimi mwepesi siku ya kusema "ni mimi," ili usizeeke na neno hilo mdomoni kama nilivyozeeka mimi. Ukue, uwe na watoto, na watoto wako wasikuonee aibu.

Wazee wa kikao kile wote wamekwisha kufa. Aliyebaki wa kuambiwa ni Bhoke, binti wa baba mdogo, anakaa Buhare kwa mwanawe. Huwa ananipigia simu siku za Jumapili, ananiita dada. Mwezi uliopita aliniambia wajukuu wamemuuliza kwa nini kaburi la baba yake halikutamkiwa neno la ukoo, naye amewajibu kwamba babu yao alikuwa mtu mzuri, ila alipenda kuchezea fisi.

Nilimwambia, "Mm." Nikamuuliza habari za miguu yake. Akanieleza habari za miguu yake.